Namna ya Kuchaji kwa Usalama Gari la Haibridi Nyumbani

Magari ya haibridi yanayochajiwa kwa plagi yana injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayopata nguvu kutoka kwenye betri kubwa. Haibridi za kawaida hujaza betri zake kwa injini na breki pekee, ilhali magari haya huweza pia kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Miongoni mwa yanayoagizwa yakiwa yametumika Japani ni Mitsubishi Outlander PHEV na Toyota Prius PHV. Kabla ya kuyachaji, mmiliki anapaswa kujiridhisha kwamba mfumo wa umeme wa nyumba yake unaweza kubeba mzigo huo.

Mzigo unaodumu kwa saa nyingi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Chaja inayovuta ampea 10 hutumia takriban wati 2,300, kiasi kinachokaribiana na birika la umeme. Tofauti iko kwenye muda: birika huchemsha maji kwa dakika chache, lakini betri ya uniti 12, kama ile ya matoleo ya mwanzo ya Outlander PHEV, huchukua saa tano hadi sita kujaa. Soketi iliyolegea au waya mwembamba unaovumilia birika huweza kupata joto kali, kuyeyuka na hatimaye kuwasha moto usiku wakati wenye nyumba wamelala.

Waya wa kuchajia kutoka Japani

Nchini Japani umeme wa kawaida majumbani ni wa volti 100, na baadhi ya soketi hutoa volti 200. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kusoma lebo iliyo kwenye kisanduku cha waya wa kuchajia uliokuja na gari. Iwapo lebo haionyeshi kwamba waya huo unaruhusiwa kutumika kwenye volti 220 hadi 240, usichomekwe. Aidha, plagi ya Kijapani haiingii kwenye soketi za matundu matatu bapa zinazotumika nchini. Kukata plagi hiyo na kufunga nyingine mtaani, au kutumia adapta, ni hatari. Njia sahihi ni kupata waya unaolingana na umeme wa nchini na tundu la kuchajia la gari husika.

Ukaguzi na ufungaji

Kazi ya kukagua na kufunga mfumo wa kuchajia ifanywe na fundi au mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mambo ya msingi ya kuhakikisha ni haya:

1. Soketi ya gari iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu, isiyochangiwa na friji, pasi wala jiko.

2. Waya na kikata umeme vilingane na mzigo. Waya wa milimita za mraba 1.5, ambao kwa kawaida hutumika kwenye taa, haufai kwa kazi hii.

3. Waya wa ethi uwepo na upimwe. Bila ethi, hitilafu inaweza kuufanya mwili wa gari uwe na umeme.

4. Kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kiwe cha miliampea 30, na kiwe cha aina inayofaa kwa chaja za magari. Aina ya kawaida huweza kushindwa kufanya kazi umeme wa mkondo mnyoofu unapovuja kutoka kwenye chaja.

5. Soketi ya nje iwe na kifuniko cha kuzuia mvua. Katika maeneo ya pwani, hewa ya chumvi huleta kutu, hivyo ukaguzi ufanyike mara kwa mara.

Wakati wa kuchaji

Ekstensheni isitumike, hasa ile iliyoviringishwa, kwa kuwa joto lake halipati pa kutokea. Baada ya nusu saa ya kuchaji, mmiliki aguse plagi. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kutoshikika, au ikitoa harufu ya plastiki inayoungua, azime swichi, achomoe na kumwita fundi. Waya uliochubuka au plagi iliyobadilika rangi isitumike tena.

Gari lililofikiwa na mafuriko lisichajiwe hadi likaguliwe na fundi mwenye ujuzi wa magari ya umeme. Nyaya za rangi ya chungwa zilizomo ndani ya gari hubeba umeme mkubwa, hivyo zisiguswe. Vilevile, gari la haibridi lisiachwe likiwa limewashwa ndani ya gereji iliyofungwa. Injini yake huweza kuwaka yenyewe na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Gharama za LUKU

Betri ya uniti 12 ikijazwa kila siku hutumia zaidi ya uniti 360 kwa mwezi. Mteja aliye katika kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atavuka kiwango hicho ndani ya wiki moja, na uniti zinazozidi hutozwa bei ya juu.

Moto ukitokea

Iwapo gari au soketi itashika moto, umeme uzimwe kwenye swichi kuu endapo inafikika kwa usalama. Watu wote waondoke, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114. Mpiga simu aeleze kwamba gari lina betri kubwa ya umeme, kwa kuwa betri za aina hiyo huweza kuwaka tena hata baada ya moto kuonekana umezimika.