Hekaya Iliyotufikia Kinyumenyume: Lara Croft Katika Miji ya Mlima Kenya

Katika mwaka 2002, wapiga picha za sinema kutoka ng'ambo walishuka katika korongo la Ol Njorowa, lililomo ndani ya mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakanasa humo baadhi ya sehemu za filamu ambayo ilitolewa mwezi Julai mwaka uliofuata kwa jina la Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life. Baina ya korongo hilo na mji wa Murang'a pana safu ya milima ya Nyandarua tu, na ndege aliyeazimia kuivuka safu hiyo alfajiri angetua sokoni Mukuyu kabla ya adhuhuri. Walakini kwa mwanadamu wa kawaida wa Murang'a, habari ya kwamba Lara Croft amepita ujiranini haikufika ila baadaye sana, wala haikuletwa na magazeti, bali ilikuja kwa njia ile ile iliyoileta filamu yenyewe: diski iliyonakiliwa, runinga iliyopandishwa juu ya kabati ili walio nyuma nao waone, na sauti ya mtu asimuliaye.

Wenyewe walioianzisha hekaya hii waliianza miaka sita kabla ya hapo, tena si katika sinema bali katika mchezo wa kompyuta. Katika mji wa Derby, Uingereza, palikuwa na kampuni iliyoitwa Core Design, na miongoni mwa wafanyakazi wake mchoraji kijana, Toby Gard, ambaye alibuni mwanamke jasiri mwenye asili ya Amerika ya Kusini akamwita Laura Cruz. Wakubwa wa biashara wakataka jina linalonukia Uingereza zaidi, na ndipo Laura Cruz alipogeuka kuwa Lara Croft, binti wa ukoo wa makabaila, msomi wa mambo ya kale, mwenye bastola mbili mapajani, aingiaye katika mahekalu yaliyosahauliwa na kuvitoa vilivyofichwa humo. Mchezo wa kwanza, Tomb Raider, ulitoka mwishoni mwa 1996 chini ya kampuni ya Eidos, ukauzwa kwa mamilioni, na tangu hapo hadi 2000 haukupita mwaka bila ya mwingine kuufuata. Waliouonja wakati huo husema kwamba utamu wake haukuwa katika kupiga risasi, bali katika ule ukimya wa pangoni, mchezaji akitafakari mlango utafunguliwa kwa hila gani, ilhali kosa moja la kidole linatosha kumtumbukiza binti wa watu shimoni.

Utamu huo Murang'a haikuuonja kwa wakati wake. Mashine za kuchezea zilikuwa ghali, kompyuta zilikuwa za ofisi na za shule chache, na hata pale PlayStation zilizokwisha kutumika ng'ambo zilipoanza kuonekana katika vibanda vya stendi, kuanzia Murang'a na Maragua hadi Karatina, Kerugoya na Nyeri, vijana walizitumia kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kandanda. Mwenye kibanda hulipwa kwa mechi, na mechi ya mpira huisha upesi. Mchezo wa kuzunguka kaburini saa nzima ukitafuta ufunguo haumfai yeye, wala haumfai aliye kwenye foleni akingoja padi. Kwa hiyo Lara Croft wa Derby alibaki mgeni, na aliyekaribishwa ni Lara Croft wa sinema, yule wa Angelina Jolie, ambaye filamu yake ya kwanza, iliyoongozwa na Simon West na kupigwa kwa sehemu katika magofu ya Angkor huko Kambodia, ilitoka mwaka 2001.

Hapa sharti nikae kidogo, maana ndipo ulipo uzito wa kadhia hii. Vibanda vya video vya miaka ile vilikuwa vyumba vya mbao na mabati, mabenchi yamepangwa kama ya kanisa, dirisha limezibwa kwa gunia, na kiingilio ni sarafu. Kiingereza cha Marekani, kisemwacho kwa haraka na katikati ya milipuko, hakikuwafaa wengi wa waliokuwa wakitazama, na kwa sababu hiyo msimulizi hakuwa pambo bali alikuwa mlango wa kuingilia. Kazi yake haikuanza jana: tangu zama za ukoloni magari ya sinema yalipita masokoni, na mtu mwenye kipaza sauti akawaeleza raia kwa lugha wanayoijua yale yanayotendeka kwenye kitambaa cheupe, naye aghalabu akaongeza ya kwake. Dar es Salaam ikampata Lufufu, Kampala ikawapata wale waitwao VJ, na Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake, yenye Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, imesikika katika vibanda, katika matatu na katika maduka ya filamu kote nchini. Msimulizi wa aina hii hatafsiri neno kwa neno, na laiti angefanya hivyo, hadhira ingeondoka. Yeye humpa mhusika jina jipya, humtania adui kabla hajapigwa, humwonya staringi, yaani mhusika mkuu, juu ya hatari ambayo staringi mwenyewe hajaiona, na kitendo kikienda polepole, hujaza pengo kwa habari za mtaani.

Natija yake ni kwamba hekaya ya Lara Croft ilitufikia kinyumenyume. Kwa kijana wa Derby, mchezo ndio asili, na filamu ni nakala ipimwayo kwa asili hiyo. Kwa kijana wa Murang'a, asili ilikuwa masimulizi, filamu ikawa picha iliyosimuliwa, na mchezo, ulipofika hatimaye kwa kompyuta za mitumba na kwa simu, ukawa nakala ya tatu. Wapo wanaoiona hali hii kuwa ni upungufu wa elimu. Mimi siioni hivyo, maana katika ufundi wa hekaya, tangu Alfu Lela Ulela, nani amewahi kuthubutu kusema kwamba msimulizi wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza?

Fauka ya hayo, hekaya yenyewe haikuwa mgeni kama wenyeji walivyodhani. Mwanzo wake ni mbali kuliko Derby. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard alitoa riwaya ya wazungu watatu wanaofuata ramani hadi kwenye hazina iliyofichwa pangoni katika Afrika, na mwaka 1929 riwaya hiyo ikatolewa kwa Kiswahili, Frederick Johnson akiwa miongoni mwa watafsiri wake, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Babu wa mashabiki wa leo waliobahatika kusoma shule waliisoma chini ya mti, wakatetemeka kwa mlango wa jiwe unaoshuka. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ikaifanya filamu, ikapiga picha zake Kenya na nchi jirani, ikapata tuzo mbili za Oscar. Pango, ramani, laana, mwenyeji mwaminifu ambaye aghalabu hufa kabla ya mwisho: vyote alivyonavyo Lara Croft, Haggard alikuwa navyo, isipokuwa bastola alipewa mwanamke. Kwa hiyo watu wa sinema waliposhuka Ol Njorowa mwaka 2002, walikuwa wakirejea njia iliyokwisha kukanyagwa.

Ama ubishi wa mashabiki, huo una milango mingi, na hauzuiliki. Wapo wasemao kwamba hakuna Lara ila Jolie, kwa kuwa alisimama kama mtu ajuaye kwamba hatashindwa. Na wapo, aghalabu wadogo kwa umri, wanaompendelea Alicia Vikander wa filamu ya 2018, iliyofuata mchezo wa 2013 ambao ulimrudisha Lara kuwa msichana asiye na uzoefu, aanguka, aumia, avuja damu, na kulia kabla ya kujifunza kuua. "Huyo, mzee wangu, si staringi, huyo ni mwanafunzi," nilimsikia barobaro mmoja akimwambia muuza filamu aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, na muuza filamu akamjibu kwa upole, "Kijana, kila staringi alikuwa mwanafunzi, ila wewe ulimkuta amekwisha kuhitimu."

Mlango mwingine ni wa kifo. Kanuni ya vibanda vyetu, isiyoandikwa na wala haihitaji kuandikwa, ni kwamba staringi hafi. Sasa, mchezo wa nne, The Last Revelation wa 1999, ulimalizika kwa Lara kufukiwa chini ya mawe huko Misri, na waliouunda, waliokuwa wamechoshwa na kazi ya kila mwaka, walikusudia kumzika kweli. Mchezo wa tano, Chronicles, ukafungua kwa marafiki zake waliokusanyika nyumbani kwake baada ya ibada ya kumkumbuka, kila mmoja akitoa kisa cha marehemu, mithili ya matanga yetu ambapo mzee akimaliza la kwake mwingine hudakia. Shabiki wa Murang'a akisimuliwa habari hii kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa anajua tangu mwanzo kwamba biashara haitamwacha kaburini. Na kweli, mwaka 2003 alirejea katika The Angel of Darkness, mchezo uliotolewa kabla haujaiva, ukalaumiwa sana, hata kazi ikaondolewa Derby ikapelekwa kwa Crystal Dynamics huko California. Filamu iliyopigwa kwetu ilitoka majuma machache baada ya mchezo huo, ikapata fedha kidogo kuliko ile ya 2001, na kampuni ya Paramount ikautupia lawama mchezo. Katika Murang'a hoja hiyo isingeeleweka hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameucheza.

Katika filamu hiyo, sanduku la Pandora, lenye balaa la kuangamiza umma, limefichwa mahali panapoitwa chimbuko la uhai, na mahali hapo pamewekwa karibu na Kilimanjaro. Wenyeji wa Murang'a wana haki ya kutabasamu, kwa sababu chimbuko lao wanalijua, nalo halihitaji ramani: ni Mukurwe wa Nyagathanga, ndani ya kaunti yao wenyewe, ambapo mapokeo ya Agikuyu yanasema Gikuyu na Mumbi waliishi na mabinti zao. Lakini nje ya tabasamu hilo kuna suala zito ambalo mashabiki wa siku hizi hawaliogopi, nalo ni hili: jina la kazi ya Lara ni wizi wa makaburini. Je, anayevunja kaburi la watu wengine ili kupamba jumba lake ni shujaa wa nani? Kenya inayo kesi yake. Vigango, nguzo za mti zilizochongwa na kusimamishwa na Wamijikenda kwa kumbukumbu ya wafu wao waheshimiwa, ziliibwa kwa wingi zikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, na nyingi zikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyochukuliwa mwaka 1985 kutoka boma moja la pwani vilirudishwa Kenya mwaka 2007, baada ya wataalamu kuvitambua katika makumbusho mawili tofauti. Kwa insafu, filamu ya 2003 yapaswa kupewa sifa yake moja: mwishoni Lara analiona sanduku, analishika, kisha analiacha pale pale, na anamuua mtu ampendaye aliyetaka kuondoka nalo. Kwa maoni yangu huo ndio mwisho bora kuliko yote aliyopewa katika sinema, na ni ajabu kwamba watazamaji wa dunia hawakuujali.

Yupo Mkenya mmoja aliyeijibu hekaya hii kwa mkono wake. Mwaka 2007 Wesley Kirinya, kijana wa Nairobi, alitoa mchezo wa kompyuta wa pande tatu aliouita The Adventures of Nyangi, ambamo binti wa Kiafrika husaka vitu vya kale vya Kiafrika. Kisha, mwaka 2009, akashirikiana na Eyram Tawiah wa Ghana kuanzisha kampuni ambayo leo yaitwa Leti Arts. Nyangi hakuuzwa kwa mamilioni, na katika vibanda vya Murang'a wanaomjua ni wachache mno, jambo linalonisikitisha, kwani yeye aliligeuza lile suala la wizi kwa kitendo kimoja chepesi: akisakacho ni cha kwao.

Mambo yamebadilika upesi tangu vibanda vianze kufungwa kimoja baada ya kingine. Filamu sasa hujazwa kwenye flashi, au hutazamwa kwa simu ndani ya matatu, na michezo ya zamani imerudi na sura mpya: mnamo tarehe 14 Februari 2024 ile mitatu ya mwanzo ilitolewa tena kwa pamoja, nayo ikatanguliwa na onyo kwa mchezaji kwamba imo humo taswira ya dharau juu ya watu wa kaumu nyingine, ambayo wenye mchezo hawaikubali ila hawakuifuta. Mwezi Oktoba mwaka huo Netflix ikatoa katuni ya Lara, na Amazon imeagiza tamthilia iandikwe na Phoebe Waller-Bridge. Barobaro wetu wa Murang'a wamekwisha kugawanyika juu ya tamthilia hiyo kabla hata haijaonekana, wapo wa Jolie na wapo wa Vikander. Ila yule muuza filamu, alipoulizwa atakuwa upande gani, alisema kwamba hatatoa hukumu mpaka isimuliwe kwa Kiswahili.