Daftari la Wakfu: Tangu Kadhi Tauba Hadi Kamati Zetu

Katika maswali yanayozua ugomvi misikitini mwetu, machache yanalishinda hili: fedha za kodi ya nyumba za wakfu ziko wapi? Anayeuliza huonekana ana hasadi, na anayeulizwa huona amevunjiwa heshima. Sisi wenyewe tulimjua mutawalli mmoja, mzee mcha Mungu, aliyesimamia wakfu wa msikiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipofariki (Mwenyezi Mungu amrehemu) halikupatikana daftari hata moja. Hesabu zote zilikuwa kichwani mwake. Wapangaji wakadai wameshalipa, warithi wakadai marehemu aliukopesha msikiti, na kamati haikuwa na la kumjibu yeyote. Hatukusikia mtu akisema kuwa mzee yule aliiba. Lakini duka moja la wakfu lilibaki kwa mpangaji anayedai kuwa alilinunua.

Tumeona basi tuwatazame waliotutangulia walifanyaje, kwani wapo wanaodhani kuwa kukagua hesabu ni desturi ya ofisi za Wazungu.

Asili ya jambo hili ni kitendo cha Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akusanye zaka za Bani Sulaym, naye aliporudi akamfanyia hesabu. Ndipo yule bwana alipotenga mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Makemeo aliyoyapata yanajulikana. Ila wasomaji wengi hukimbilia suala la zawadi wakasahau kuwa zawadi ile ilijulikana kwa sababu hesabu ilifanywa. Imam Bukhari ameiweka hadithi hiyo pia katika mlango wa kiongozi kuwahesabu watendaji wake.

Ama ofisi ya wakfu yenyewe, habari zake za mwanzo tunazipata Misri. Tauba bin Namir alipewa ukadhi huko mwaka 115 Hijria. Huyu ndiye aliyemwambia mkewe kuwa akimletea neno lolote kuhusu mwenye kesi, basi ameachika. Bibi yule akawa anaona wino wa mumewe umekauka asithubutu kuuongeza maji, akiogopa asije akaingia katika kiapo kile. Wakati huo mali za wakfu zilikuwa mikononi mwa wenyewe na mawasii wao. Tauba akaona sadaka hizi mwisho wake ni masikini, na zikiachwa hivyo zitapotea au zitarithiwa kama mali ya mtu. Mwaka 118 (736 Miladia) akazitia chini ya usimamizi wake na kuzifungulia diwani. Alikufa mwaka 120, na diwani hiyo ilikwishakuwa kubwa.

Daftari peke yake halitoshi, na hilo alilifahamu kadhi mwingine wa Misri, Abu Tahir al-Hazmi, katika miaka ya 170 Hijria. Yeye alitenga siku tatu kila mwezi akazungukia wakfu kwa miguu yake pamoja na watendaji wake, akiamrisha kukarabati na kufagia. Akikuta kasoro, msimamizi wa mahali hapo alichapwa bakora kumi. (Hatupendekezi bakora. Ziara tatu kwa mwezi tunazipendekeza.)

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450, anaeleza kuwa msimamizi wa mahkama ya madhalimu huanza kukagua wakfu za umma hata kama hakuna mlalamikaji. Wakfu za watu maalumu ndizo husubiri wenyewe walalamike. Tofauti hiyo ni ya haki kabisa: masikini asiyejua kuwa ana fungu lake atalalamikia nini?

Na sisi watu wa pwani, tulio wengi katika madhehebu ya Imam Shafi, tunaye al-Khatib al-Shirbini (amefariki 977) katika Mughni al-Muhtaj. Anasema mutawalli akidai amekwishawagawia wanaostahiki, na hao ni watu maalumu, kauli ni yao, na wana haki ya kumdai hesabu. Ikiwa si watu maalumu, kama mafukara, kauli yenye nguvu ni kuwa kiongozi anaweza kumdai hesabu. Kiasi alichotumia husadikiwa kikiwa cha kawaida, na hakimu akimshuku humwapisha.

Tuongeze istilahi mbili kutoka Mafatih al-Ulum cha al-Khwarizmi, mwandishi wa karne ya nne Hijria, si yule mwanahisabati. *Baraa* ni hati anayopewa mlipaji na mpokea fedha. Ndiyo stakabadhi yetu. *Muwafaqa* ni hesabu kamili anayoitoa mtendaji amalizapo kazi, nayo haiitwi hivyo mpaka anayeitoa na anayepokea wakubaliane. Akiwa nayo mmoja tu, mwenzake hajaridhia maelezo yake, huitwa *muhasaba*.

Kamati ya msikiti ule iliyachukua hayo mawili. Anayepokea kodi si yeye anayeandika daftari, kila mpangaji hupewa stakabadhi yenye namba, na mwisho wa mwezi wawili hao hukaa pamoja wakatia saini. Kesi ya duka imefikishwa kwa kadhi, na kila upande umetakiwa ulete hati zake.