Tangazo la uhamasishaji: jina na kazi yake katika udhibiti wa silaha

Tangazo la uhamasishaji ni ujumbe wa redioni, runingani, kwenye bango au wa kipaza sauti usiouza bidhaa, bali unaomtaka mtu abadili mwenendo wake kwa faida ya jamii. Marekani ililiundia baraza lake mwaka 1942, wakati wa vita. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilifanywa kwa mapana mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Jina lenyewe halijatulia. Wapo wanaosema tangazo la serikali, wengine tangazo la kuelimisha umma, wengine tangazo la ushawishi. Njia nzuri ya kuyapima majina haya ni kuyapeleka kwenye kazi ngumu, na kazi ngumu kuliko kuhimiza vyoo ni kumfanya mtu atoe bunduki aliyoificha.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mawengi, wilayani Ludewa, ambaye marehemu baba yake alimwachia gobore. Hulitumia kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Kata yake ina umeme wa maji wa mradi wa LUMAMA, kwa hiyo redio haimpigi chenga. Kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022, Serikali ilitoa msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria, na mwaka 2023 ikarudia. Septemba haikuchaguliwa kwa kubahatisha: mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliufanya kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu barani kote.

Je, mkulima huyu anahitaji kuelimishwa? Anajua fika kwamba gobore lake halina leseni, ndiyo maana halilazi sebuleni. Asichokijua ni yatakayomkuta akilitoa. Jina la tangazo la kuelimisha umma, basi, linamdhania ujinga asionao. Ushawishi nao una doa: Wakatoliki husali waepushwe na kishawishi, na mtu akisema “alinishawishi” mara nyingi anasimulia alivyoingizwa mkenge. Tangazo la serikali hutaja mwenye kutangaza tu, wala halitofautishi msamaha na mnada wa magari chakavu.

Linabaki uhamasishaji, neno ambalo watendaji wa vijiji hulitumia kila siku katika chanjo, usafi na uandikishaji wa watoto shule. Kasoro yake ni joto lililomo. Hamasa ni ya uwanjani na kwenye ngoma. Kusalimisha bunduki ni uamuzi wa mtu aliyetulia. Hata hivyo watu wameshalizoea, nami nalichagua, mradi maana yake ibebe pia kumwondolea mtu hofu.

Matangazo ya silaha hutumia njia kadhaa. Ya kwanza ni kutisha: taja kifungo, taja msako. Njia hii humgusa yule anayeyumba, lakini ikiachwa peke yake humfanya mwingine afukie silaha kwa kina zaidi. Ya pili ni kumfungua mtu macho. Desemba 2016 shirika la Sandy Hook Promise, lililozaliwa na mauaji ya shuleni ya mwaka 2012 huko Marekani, lilitoa filamu fupi iitwayo Evan. Mtazamaji anafuatilia mapenzi ya vijana wawili wa shule. Mwishoni anarudishwa nyuma na kuonyeshwa mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kuua, aliyepita mbele ya macho yake muda wote. Halaumiwi, ila hawezi tena kusema hakuonyeshwa.

Ya tatu ni kuonyesha mwisho wa silaha. Juni 2021, huko Ngong, Kenya ilichoma moto bunduki 5,144 mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Moto ule ulijibu swali ambalo kila anayesalimisha hujiuliza kimoyomoyo: yangu haitaishia mikononi mwa jambazi?

Ya nne, na ndiyo iliyotumika kwetu, ni kumfungulia mtu mlango. Tangazo la msamaha lilisema mambo matatu: anayesalimisha kwa hiari hashtakiwi, silaha hupelekwa kituo cha polisi au kwenye ofisi za serikali za mitaa na watendaji, na kuna siku ya mwisho. Kwa mtu wa Mawengi, jambo la pili lina uzito mkubwa. Kumwendea mtendaji anayemfahamu si sawa na kupanda gari hadi kituoni akiwa na gobore ndani ya gunia.

Uteuzi wa maneno nao una nguvu. Ukisema “silaha haramu” tu, mwenye gobore anaweza kudhani wanasemwa majambazi na bunduki za kivita. Gobore litajwe kwa jina. Vilevile udhibiti si marufuku: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni, na mwenye leseni asipoambiwa hivyo ataliona tangazo kama adui wake.

Kwa hiyo naipendekezea kamusi fasili hii: tangazo la uhamasishaji ni ujumbe kwa umma unaomtaka mtu atende jambo kwa faida ya jamii, unaomwonyesha namna ya kulitenda, na unaomhakikishia usalama wake akilitenda. Likikosa sehemu hiyo ya mwisho, ni onyo tu, na maonyo mkulima wetu ameyasikia tangu enzi za baba yake.