Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Majira ya Baridi katika Historia ya Ironman

Utangulizi

Katika somo la historia tumezoea kuuliza nani alishinda na lini. Swali la tatu, yaani kabla ya kushinda alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini, mara nyingi tunaliacha. Insha hii inalichukua swali hilo na kulipeleka kwenye mchezo ambao wengi wetu hapa Rwanda tunaufahamu kwa jina tu: triathloni ya masafa marefu, maarufu kama Ironman. Mshiriki huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote katika siku moja. Kwa kawaida anayechukua zaidi ya saa 17 hahesabiwi kuwa amemaliza.

Hoja yangu ni kwamba historia ya mashindano haya haieleweki bila kuyatazama majira ya baridi. Mahali pa tarehe katika kalenda huamua nani afanye mazoezi juani na nani ayafanye kwenye theluji, na kwa hiyo huamua kwa kiasi fulani nani awe bingwa. Waandaaji waliligundua jambo hilo mapema, wakaihamisha tarehe. Nitaonyesha kwamba uamuzi huo ulisaidia, lakini haukuiondoa baridi. Uliihamishia tu mahali ambapo watazamaji hawaioni.

Kabla ya kuendelea, neno moja la lugha. Vitabu vingine huita majira haya kipupwe. Lakini kipupwe cha watu wa pwani ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati wa upepo wa kusi, na hakina theluji. Kwa hiyo nitasema majira ya baridi nikimaanisha takriban Desemba hadi Machi katika Ulaya na Amerika Kaskazini, msomaji asije akadhani Montreal iko jirani na Lamu.

Mbio za Februari

Mashindano yalianzia kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mwaka 1977, kwenye hafla ya kutoa zawadi baada ya mbio za kupokezana, wanamichezo walibishana kuhusu nani mwenye stamina zaidi: mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na mkewe Judy, walipendekeza ubishi umalizwe kwa vitendo. Waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani: ya kuogelea ya Waikiki, ya baiskeli ya kuzunguka Oahu na marathoni ya Honolulu. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mshindi alikuwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. John Dunbar, aliyekuwa akiongoza kwa muda mrefu, aliishiwa maji njiani na wasaidizi wake wakampa bia. Alimaliza wa pili.

Kwa wenyeji wa Hawaii, Februari haikuwa tatizo kubwa. Mtu anaweza kuogelea baharini na kuendesha baiskeli barabarani mwezi wowote. Hata hivyo, ni mwezi wa mawimbi makubwa na dhoruba. Mwaka 1979 hali mbaya ya hewa ililazimisha mbio kuahirishwa kwa siku moja, na wengi waliokusudia kushiriki hawakuanza. Tom Warren wa San Diego alishinda. Lyn Lemaire, mwanamke pekee aliyeshiriki, alimaliza wa tano kati ya wote.

Baadaye jarida la Sports Illustrated liliandika habari za mbio hizo, na mwaka 1980 televisheni ya ABC ikapeleka kamera zake. Mwaka huo Dave Scott, kutoka mji wa Davis, California, alishinda kwa saa 9, dakika 24 na sekunde 33. Ukipanga majina ya mabingwa hawa wa kwanza, jambo moja linajitokeza: Haller alikuwa akiishi Hawaii, Warren na Scott walitoka California. Sidai kwamba hali ya hewa ndiyo iliyowapa ushindi. Ninachosema ni kwamba mtu wa Minnesota au wa Ujerumani aliyetaka kushindana nao mwezi Februari alipaswa kufanya maandalizi yake yote makubwa kati ya Novemba na Januari, wakati siku ni fupi, barabara zina barafu na maji ya ziwa hayaingiliki.

Mwaka wenye mbio mbili

Mwaka 1981 Valerie Silk, aliyekuwa amechukua uongozi wa mashindano, aliyahamishia Kona, kwenye Kisiwa Kikubwa cha Hawaii. Huko barabara hupita kwenye uwanda wa mawe meusi ya volkano, kama yale tunayoyaona tukivuka kwenda Goma, lakini chini ya joto kali na upepo wa ubavuni.

Mwaka 1982 yalifanyika mashindano mawili, moja Februari na jingine Oktoba. La Februari linakumbukwa kwa sababu ya Julie Moss, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeshiriki ili kupata data za utafiti wake wa fiziolojia ya mazoezi. Alikuwa akiongoza wanawake wote. Karibu na mwisho miguu ilimwishia nguvu, akaanguka mara kadhaa, Kathleen McCartney akampita, na Moss akamalizia kwa kutambaa. Picha hizo ziliutangaza mchezo huu kuliko tangazo lolote la kulipiwa.

La Oktoba halina picha kama hiyo, lakini kwa mwanahistoria ndilo lenye uzito. Silk aliiondoa tarehe Februari na kuiweka Oktoba ili wanaoishi penye baridi wapate majira ya joto ya kujiandaa. Ni uamuzi wa kiofisi ambao mtu hawezi kuutengenezea filamu. Hata hivyo ulibadilisha nani anaweza kuota ndoto ya kushinda. Watu wa pwani yetu wangeuelewa upesi. Kwa karne nyingi majahazi yalifika kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mfanyabiashara aliyeukosa upepo alisubiri hadi msimu mwingine, hata awe na mali kiasi gani.

Je, tarehe mpya ilifanya kazi?

Kwa upande wa wanawake, jibu lilikuja haraka. Mwaka 1983 Sylviane Puntous wa Montreal, Kanada, alishinda, na pacha wake Patricia akawa wa pili. Mwaka 1984 wakarudia vilevile. Sylviane alikuwa bingwa wa kwanza asiye Mmarekani, na alitoka katika mji unaofunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Kwa wanaume, jibu lilichelewa. Dave Scott alishinda mara 6, na Mark Allen mara 6 nyingine. Mwanaume wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Kona alikuwa Luc Van Lierde wa Ubelgiji, mwaka 1996, miaka 14 baada ya tarehe kuhamishwa. Mwaka uliofuata Wajerumani Thomas Hellriegel, Jürgen Zäck na Lothar Leder walishika nafasi zote tatu za juu.

Ushahidi huu unatuonya tusiifanye tarehe kuwa sababu pekee. Mwanamke mwenye ushindi mwingi zaidi Kona ni Paula Newby-Fraser, aliyezaliwa Salisbury, leo Harare, na kukulia Afrika Kusini. Alishinda mara 8 kati ya 1986 na 1996, na theluji haikuwa sehemu ya malezi yake. Tarehe iliufungua mlango, lakini waliopita walihitaji vitu vingine: mashindano ya nyumbani kama yale ya Roth huko Bavaria, makocha, vifaa, na zaidi ya yote, njia ya kuitumia miezi ya baridi.

Baridi haikuhama

Mtu anaweza kudhani kwamba mbio zikiwa Oktoba, majira ya baridi huwa likizo. Sivyo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kisovyeti Lev Matveyev aliandika nadharia ya kuugawa mwaka wa mwanamichezo katika vipindi. Kipindi cha kwanza ni cha maandalizi: kazi nyingi kwa kasi ndogo, ili mwili upate msingi utakaobeba kasi baadaye. Kwa watu wa kaskazini, kipindi hicho huangukia penye baridi. Aidha, mashindano mengine ya masafa haya huja mapema. Lile la Lanzarote, lililoanza mwaka 1992, hufanyika Mei. Anayetaka kushiriki huko hana budi kufanya kazi Januari.

Kila mchezo kati ya mitatu una shida yake. Kuogelea huhamia kwenye bwawa la ndani, ambako mtu huhesabu mizunguko badala ya mawimbi. Kukimbia huendelea nje, gizani, juu ya barabara inayoteleza. Baiskeli ndiyo ngumu zaidi, maana upepo wa mwendo huongeza baridi, na saa tano za kukaa juu ya tandiko zinaweza kuua ganzi vidole vya mikono na miguu. Ndipo vikaja vifaa vya kufunga baiskeli ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1980 kampuni ya RacerMate ya Seattle ilitengeneza kifaa kilichounganisha baiskeli na kompyuta, na mwaka 2014 ikaja programu ya Zwift, ambayo huwakutanisha waendeshaji wa nchi mbalimbali kwenye barabara za kubuni. Lionel Sanders wa Ontario, Kanada, alijulikana kwa kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ndani ya nyumba, na mwaka 2017 alimaliza wa pili Kona.

Kipimo kizuri cha mabadiliko haya kilitokea bila kupangwa. Kwa sababu ya UVIKO-19, mashindano ya dunia ya mwaka 2021 yaliahirishwa na kufanyika Mei 2022 huko St. George, jimbo la Utah. Kwa mara nyingine, kama enzi za Februari, waliotoka kaskazini walilazimika kujiandaa wakati wa baridi. Kama tarehe ndiyo iliyoamua kila kitu, wangeshindwa. Lakini Kristian Blummenfelt wa Norwe alikuwa wa kwanza na Sanders wa pili. Kwa wanawake, Daniela Ryf wa Uswisi, Kat Matthews wa Uingereza na Anne Haug wa Ujerumani walishika nafasi tatu za juu. Oktoba mwaka huohuo Gustav Iden, wa Bergen kama Blummenfelt, alishinda Kona kwa saa 7, dakika 40 na sekunde 24.

Ni nini kilichobadilika kati ya 1982 na 2022? Baridi ni ileile. Kilichobadilika ni uwezo wa kuikwepa au kuitumia: kambi za Hispania na visiwa vya Kanari, bwawa la ndani, mashine sebuleni. Vyote hivi vina bei. Kwa hiyo kikwazo kilichokuwa cha hali ya hewa kimegeuka kwa kiasi kikubwa kuwa cha fedha. Hapo ndipo historia hii inapotuhusu.

Masika yetu

Agosti 2022 mbio za Ironman za nusu ya masafa zilifanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, kwenye Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Agosti kwetu ni kiangazi. Siku ya mashindano ni kavu na ziwa huwa tulivu. Lakini hesabu miezi kurudi nyuma. Anayejiandaa kwa mbio za Agosti huweka msingi wake Machi, Aprili na Mei, yaani katikati ya masika, wakati mvua inapoharibu barabara za milimani na kuteremka kwa baiskeli kunakuwa hatari. Masika ndiyo majira yetu ya baridi. Tofauti ni kwamba mkazi wa Bergen mvua ikizidi anaweza kuingia ndani na kuwasha mashine yake. Kijana wetu anayebeba mizigo kwa baiskeli, mwenye mapafu na miguu iliyozoea vilima tangu utotoni, hana mashine hiyo, na huenda hajawahi kuogelea katika bwawa lenye mistari.

Kwa hiyo tukiambiwa kwamba Waafrika Mashariki ni watu wa kukimbia tu na si wa triathloni, tusikubali haraka kwamba ni jambo la maumbile. Kabla ya 1983 mtu angeweza kusema hivyohivyo kuhusu watu wa nchi za theluji. Tarehe moja ilibadilishwa, vifaa vikatengenezwa, na maneno hayo yakakosa maana.

Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba mbio za Ironman zilianza katika mwezi uliowapendelea wenyeji wa maeneo yenye joto, kwamba uamuzi wa mwaka 1982 uliwapa wengine nafasi, na kwamba nafasi hiyo ilizaa matunda pale tu watu walipopata njia za kufanya kazi katika miezi migumu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha za Oktoba huko Kona zinatuonyesha chombo kikielea. Mwanahistoria hana budi kwenda karakana, akaulize kiliundwa mwezi gani, kwa mbao za nani, na ni nani aliyekuwa na nyundo mkononi lakini hakupewa mbao.