Kabla hujamlipa ajenti wa Uarabuni, ichunguze kampuni yake

Jioni moja baada ya sala ya Isha, dadangu alinijia nyumbani na bintiye, bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na barua ya kazi ya hoteli mjini Doha, ina nembo, muhuri na saini ya wino wa buluu. Ajenti alitaka Sh45,000 kabla ya Ijumaa, za viza na kupimwa afya. Dadangu alikuwa ashapeleka bangili zake kwa sonara. Hakuja kuniomba ushauri. Alikuja nimwongezee elfu kumi zilizopungua.

Nikamwambia, "Dada, niachie barua hii mpaka kesho." Hakufurahi, lakini aliniachia.

Usiku ule nilikaa na simu yangu. Nawaeleza nilichofanya, kwa sababu hapa Pwani hakuna mtaa usiokuwa na kijana anayesubiri safari ya Qatar, Saudia au Dubai.

Je, kampuni ipo?

Usajili wa kampuni nchini uko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, na huduma zake zinapatikana kupitia eCitizen. Ukilipa ada ndogo unaweza kuomba taarifa rasmi za kampuni. Hati inayoitwa CR12 hukuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Tazama pia tarehe ya kusajiliwa. Ajenti wetu alijisifu kwa uzoefu wa miaka 10, kumbe alikuwa na jina la biashara tu, lililosajiliwa miezi minne nyuma.

Je, ina leseni ya kupeleka watu nje?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ajenti anakutolea cheti cha usajili chenye nembo ya serikali, nawe moyo unatulia. Lakini cheti kile ni kama cheti cha kuzaliwa: kinasema umezaliwa, hakisemi unajua kuendesha gari. Kupeleka wafanyakazi nje kunahitaji kibali kingine, kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mamlaka hiyo huweka orodha ya mawakala iliyowaidhinisha katika mfumo wake wa mtandaoni, NEAIMS.

Litafute jina herufi kwa herufi. Matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halali na kuongeza neno moja mwishoni. Ukilipata, linganisha simu na anwani ya ofisi na zile ulizopewa. Hakikisha pia kibali hakijamaliza muda. Jina la ajenti wetu halikuwemo.

Tovuti yake ina umri gani?

Kila tovuti ina tarehe ya kuzaliwa. Kuna kurasa za bure zinazoitwa WHOIS; unaandika anwani ya tovuti, nazo hukuonyesha siku iliposajiliwa. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, ambayo nayo ina ukurasa wa kutafutia. Tovuti ya huyu bwana ilikuwa na umri wa wiki tisa.

Kisha chukua picha za "wafanyakazi wetu" uzitafute kwa Google Lens. Picha ya vijana waliovaa sare mbele ya hoteli niliikuta kwenye tovuti nyingine tatu, za nchi tofauti.

Andika pia jina la kampuni na namba yake ya simu kwenye Google, uongeze neno "scam", maana malalamiko mengi huandikwa kwa Kiingereza. Sifa za nyota tano zilizoandikwa zote wiki moja zisikubabaishe.

Pesa zinakwenda kwa nani?

Unapotuma pesa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujakamilisha. Lisome. Kampuni inayotaka ulipe kwa namba ya mtu binafsi ina jambo inaficha. Akikwambia ni ada ya serikali, kumbuka kwamba malipo ya huduma za serikali kupitia eCitizen huenda kwa Paybill 222222, wala si kwa simu ya mtu.

Kwa kazi za nyumbani Saudia, jua kuna mfumo rasmi wa nchi hiyo unaoitwa Musaned, ambamo mkataba husajiliwa na mwajiri ndiye hubeba gharama za kumleta mfanyakazi. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hapa kwetu inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Ajenti anayekimbia ofisi ya kazi, nawe mkimbie.

Yaliyofuata

Asubuhi nilimweleza dadangu moja baada ya jingine. Alinyamaza, akaenda kuchukua bangili zake. Binti yeye alilia. Kwake, mimi ndiye niliyemfungia mlango, na wiki nzima hakupokea simu yangu.

Kabla ya mwezi kuisha ofisi ile ilikuwa imefungwa. Kijana wa mtaa wetu alikuwa amelipa, kwa pesa ambazo babake alikopa. Walipiga ripoti kituo cha polisi wakapewa namba ya OB. Mpaka leo hawajarudishiwa hata senti.

Sisemi uchunguzi wa simu ni kinga kamili. Wapo waliopitia mawakala wenye kibali na bado wakateseka huko. Orodha safi ni mwanzo wa maswali. Ukishaiona, nenda ofisini, uulize jina la mwajiri na mshahara ulioandikwa, na familia ibaki na nakala ya mkataba na pasipoti. Lakini orodha ikikosa jina, hapo maswali yamekwisha.

Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe habari tunazoletewa kabla ya kuzitendea kazi, tusije tukajuta. Habari ya kazi nayo ni habari.

Mpwa wangu bado anatafuta. Juzi alinitumia jina la ajenti mwingine, na chini yake ameandika: "Mjomba, huyu nimemtazama NEA, yumo. Twende ofisini kwake lini?"