Wimbo ni wa nani? Toka kaseti hadi simu

Tarehe 5 Aprili 1986, Kongo ikiitwa bado Zaire, Mobutu alitia sahihi sheria ya haki za watunzi: wimbo ni mali ya aliyeutunga maisha yake yote, kisha ya warithi wake kwa miaka 50. Wakati ule wezi walinakili kaseti. Leo vijana vibandani wanajaza nyimbo kwenye memori kadi, na mtunzi hapati hata franka. SONECA, iliyopaswa kukusanya pesa zake, iliachia nafasi SOCODA mwaka 2011. Machi 2023 ikaja sheria ya dijitali, yenye kugusa pia biashara ya mtandaoni. Mtunzi aliyekimbia vita hapotezi haki hiyo kambini. Lakini aonyeshe nini, ikiwa daftari la nyimbo liliungua pamoja na nyumba?