Jukwaani usiku, kwenye sherehe mchana: waigizaji wa Kampala na kazi zao za pili

Mwigizaji anayebeba sinia la vinywaji huku akingoja kuitwa kwenye filamu ni sura inayofahamika katika miji mingi yenye biashara ya burudani. Huko Los Angeles, Marekani, sura hiyo ilizaa tamthilia nzima ya vichekesho. Kampala nayo ina waigizaji wengi wasioishi kwa jukwaa peke yake, lakini kazi ya pili imechukua umbo lingine hapa. Sherehe za watu humwajiri mwigizaji wa Kampala kwa sababu ya kipaji chake, naye huenda huko kuuza ulimi wake.

Makala hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyoanza, jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini suala la nani anahesabiwa kuwa na kazi lina uzito kwa wasanii wa Uganda.

Tamthilia ya wahudumu wenye ndoto

Tamthilia ya Party Down ilianza kuonyeshwa na kituo cha Starz tarehe 20 Machi 2009. Wabunifu wake ni John Enbom, Rob Thomas, Dan Etheridge na Paul Rudd. Inahusu wahudumu wa kampuni inayopika na kuandaa vyakula katika sherehe, na kila kipindi hutokea katika sherehe moja: harusi, siku ya kuzaliwa, mkutano wa kampuni au jioni ya watu waliosoma pamoja.

Henry, anayeigizwa na Adam Scott, ameacha uigizaji kwa sababu umma unamkumbuka kwa tangazo moja tu la bia. Casey, anayeigizwa na Lizzy Caplan, anataka kuwa mchekeshaji. Roman anaandika hadithi za kisayansi ambazo hakuna anayezinunua, na Kyle anautegemea uzuri wa sura yake. Kiongozi wao, Ron, anayeigizwa na Ken Marino, ndiye pekee ambaye ndoto yake imo ndani ya kazi yenyewe: anataka siku moja kusimamia mgahawa wake.

Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja, kisha tamthilia ikasitishwa mwaka 2010 kwa kukosa watazamaji wa kutosha. Baadaye ilipata wapenzi wengi, na mwaka 2023 ukatolewa msimu wa tatu wenye vipindi sita. Katika msimu huo Henry ni mwalimu wa shule ya sekondari ambaye anarudi kuvaa tai ya mhudumu ili kuongeza kipato.

Kicheko cha Party Down kina uchungu ndani yake. Wageni wa sherehe hawaoni kipaji kilichofichwa na sare. Wahudumu nao hawaikubali kazi yao kuwa kazi. Kwao ni chumba cha kusubiri maisha yaanze.

Kampala: kiingilio kisichotosha

Jumba la Taifa la Maonyesho la Uganda lilifunguliwa mwaka 1959 na liko chini ya Kituo cha Taifa cha Utamaduni. Nje ya jumba hilo, vikundi vya Kampala vilijijengea watazamaji wao wenyewe. Kundi la Ebonies liliunganisha muziki na maigizo katika ukumbi wa Bat Valley, na baadaye likaingia kwenye televisheni kwa mfululizo wa That's Life Mwattu. Bakayimbira Dramactors walijulikana kote nchini kwa mchezo wa Ndiwulira, uliozungumzia UKIMWI wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiangamiza familia nyingi. Afri Talent na Diamonds Ensemble nao walijaza kumbi kwa michezo ya Kiganda.

Uchumi wa vikundi hivyo ulisimama juu ya kiingilio. Fedha za mlangoni zililipia kwanza ukumbi, matangazo, mavazi na usafiri, na kilichobaki kiligawanywa. Kikundi chenye watu wengi kiligawana kidogo, na jioni ya mvua kubwa au mechi kubwa ya mpira ilitosha kukirudisha nyumbani mikono mitupu. Mwigizaji aliyesifiwa Jumamosi usiku alihitaji njia nyingine ya kulipa kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Kizazi kilichofuata kilileta vichekesho vifupi na uchekeshaji wa mtu mmoja. Theatre Factory, lililoongozwa na Philip Luswata, lilikuwa shule ya vijana wengi. Baadhi yao walijitenga na kuunda Fun Factory, kundi lililokuwa na usiku wake wa Alhamisi katika Jumba la Taifa. Watazamaji walibadilika, lakini hesabu ya mlangoni ilibaki ileile.

Omwogezi: kipaji kinachoajiriwa na ukoo

Njia moja ya kuziba pengo hilo ilitoka ndani ya utamaduni wenyewe. Katika kwanjula, sherehe ya Baganda ambapo binti humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, kila upande huwa na msemaji anayeitwa omwogezi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumfananisha na mshenga, lakini majukumu yao hayalingani. Mshenga hufikisha ujumbe na kutafuta maafikiano kabla ya siku yenyewe. Omwogezi huongea hadharani siku hiyo kwa saa kadhaa, mbele ya koo mbili zilizoketi zikitazamana.

Msemaji wa upande wa bibi harusi huwahoji wageni: wametoka wapi, ni wa ukoo gani, nani aliyewaonyesha njia. Huwatega kwa vitendawili na kuwatoza faini za mzaha. Msemaji wa wageni hujibu kwa unyenyekevu uliochanganywa na ujanja, hadi zawadi zitakapopokewa na mchumba kukubaliwa. Kazi hiyo inadai Kiganda cha heshima, ujuzi wa koo na miiko yake, kumbukumbu nzuri na wepesi wa kujibu bila kumvunjia mtu hadhi.

Desturi ilimtaka msemaji awe ndugu wa familia. Kampala ilipopanuka na familia kutawanyika, ndugu mwenye ulimi huo hakupatikana kila mahali, na familia zikaanza kumkodi mtaalamu. Wengi waliokuwa tayari kwa kazi hiyo walikuwa waigizaji na watangazaji wa redio. Omwogezi wa kukodiwa huzungumza kana kwamba ni mwana wa ukoo, hivyo naye anaigiza. Hata hivyo, maneno yake yana matokeo ya kweli, kwa kuwa mzaha uliopita kiasi unaweza kuudhi wazee na kuitia dosari siku ambayo familia imeigharamia kwa miezi mingi.

Hapa ndipo Kampala inapoachana na Los Angeles. Mhudumu wa Party Down hulipwa ili asionekane. Omwogezi, kama mshereheshaji wa harusi za mjini, hulipwa ili aonekane na kusikika. Kazi yake ya pili hukinoa kipaji chake, na familia iliyomsikia Jumamosi inaweza kumfuata ukumbini wiki inayofuata. Lakini kazi hiyo ina msimu wake, na malipo hutegemea makubaliano ambayo mara nyingi ni ya mdomo.

Redio, teksi na kibanda cha video

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 1993, vituo binafsi vya redio vilipoanza kurusha matangazo nchini Uganda. Vituo hivyo vilihitaji sauti zenye mvuto, na jukwaa lilikuwa nazo. Abby Mukiibi wa Afri Talent ni mfano unaojulikana: sauti yake ni ya miaka mingi katika redio ya CBS, na sura yake ilionekana kwenye filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Kato Lubwama, mwigizaji wa Diamonds Ensemble na mtangazaji, alifika mbali zaidi. Alichaguliwa mbunge wa Rubaga Kusini mwaka 2016, na alifariki dunia mwezi Juni 2023.

Vibanda vya video vya mitaani navyo vilizaa kazi isiyo na jina la zamani: mtu anayetafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, akiongeza mzaha na maoni yake. Watu wa Kampala humwita viijei. Ni mfasiri na mchekeshaji kwa wakati mmoja, na wako watazamaji wanaochagua filamu kwa kuangalia nani ameitafsiri.

Safari ya Anne Kansiime inaonyesha jinsi milango hiyo inavyoweza kufuatana. Alizaliwa Kabale, akasoma sayansi ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 2007 akajiunga na Theatre Factory, kisha Fun Factory. Aliigiza katika MiniBuzz, kipindi kilichotumia teksi ya abiria kama jukwaa, na baadaye akaanza kuweka vichekesho vyake mwenyewe kwenye YouTube. Citizen TV ya Kenya ilivutiwa, na ndipo kilipozaliwa kipindi cha Don't Mess with Kansiime. Aliyempa nafasi hiyo alikuwa kituo cha nchi jirani, jambo linaloonyesha kwamba soko la mchekeshaji wa Uganda linaweza kuvuka Busia na Malaba.

Wakaliga: mwigizaji ndiye muuzaji

Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha studio ya Ramon Film Productions, inayojulikana duniani kama Wakaliwood. Filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana, na baadaye ikatazamwa na mamilioni ya watu kwenye intaneti.

Waigizaji wa huko hawakuwa na mshahara. Filamu ilipokamilika, walitembea nyumba kwa nyumba wakiuza nakala, na kila mmoja alipata sehemu ya fedha za nakala alizouza. Ilibidi wauze upesi kabla ya nakala za wizi kufika sokoni. Kwa hiyo mtu aliyekufa mara tatu ndani ya filamu alibisha hodi kwa jirani akiwa hai na mzigo mkononi, akiomba anunuliwe.

Majirani wanavyojiona kwenye kioo

Televisheni ya Kenya imewapa wafanyakazi wa huduma nafasi ya mbele katika vichekesho. Auntie Boss!, iliyoonyeshwa na NTV Kenya, iliwafanya wasaidizi wa nyumbani kuwa wahusika wakuu, na Nyce Wanjeri alishinda tuzo ya Afrika ya AMVCA mwaka 2018 kwa nafasi yake humo. Tofauti na Party Down, wahusika hao hawangoji kuwa nyota. Hadithi inasimama juu ya kazi waliyonayo.

Kenya hiyohiyo inatoa onyo pia. Benson Wanjau, aliyependwa na vizazi kadhaa kwa jina la Mzee Ojwang katika Vitimbi, alifikia hatua ya kuchangiwa na wananchi fedha za matibabu ya macho. Alifariki dunia mwezi Julai 2015. Kila nyumba ilimjua, lakini kujulikana huko hakukuwa akiba.

Kumbi zilipofungwa

Udhaifu wa mpangilio wa Kampala ulidhihirika mwezi Machi 2020, serikali ilipofunga sehemu za burudani ili kuzuia ugonjwa wa korona. Ziliruhusiwa kufunguliwa tena tarehe 24 Januari 2022, baada ya miezi 22 hivi.

Pigo lilikuwa kubwa kwa sababu kazi ya kwanza na ya pili zilikuwa chini ya paa moja. Ukumbi ulifungwa, na harusi na kwanjula zikawekewa mipaka ya idadi ya watu. Mtu aliyeigiza usiku na kusherehesha mchana alipoteza vyote kwa amri moja. Aliyekuwa na kipindi cha redio, duka au darasa la kufundisha alikuwa na pa kushika. Kazi inayolisha kipaji ni baraka, lakini inapotegemea mkusanyiko uleule haiwezi kuwa kinga.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ni ya mwaka 2006. Inamtambua mwandishi wa kazi, na pia mwigizaji aliyeitekeleza, hivyo anayerekodi onyesho na kulirusha hewani anahitaji idhini yake. Ugumu uko katika utekelezaji, hasa pale makubaliano yasipoandikwa na ushahidi ukawa neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake.

Marekebisho ya mwaka 2022 katika sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, yanamtaka kila mwajiri kuwachangia wafanyakazi wake bila kujali idadi yao, na yanampa nafasi mtu aliyejiajiri kuweka akiba kwa hiari. Kwa omwogezi, viijei au mchekeshaji asiye na mwajiri wa kudumu, hiyo ni njia ya kisheria ya kujiandalia siku za uzee bila kungoja kuajiriwa.

Katika Party Down, Henry alisumbuliwa na wageni waliomtaka arudie maneno ya tangazo lake la zamani. Walicheka, kisha wakamwagiza kinywaji. Sherehe za Kampala zimepiga hatua moja mbele yao, kwa kuwa zinamlipa mtu anayezichekesha. Hatua inayobaki ni kumwandikia makubaliano yake kabla hajashika kipaza sauti.